Masega ya gari

Masega ya gari ni kifaa kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi ili kuharakisha mimenyuko ya kikemikali inayopunguza sumu katika moshi. Kampala, ambako magari mengi ni mitumba ya Japani iliyopitia bandari ya Mombasa, wengi huyasikia kwa mara ya kwanza yanapoibwa.

Ndani ya ganda la chuma mna kauri yenye vitundu vyembamba, iliyopakwa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu. Kaboni monoksidi huweza kuungana na oksijeni hata bila metali hizo, ila taratibu mno, na moshi haukai bombani kusubiri. Ili molekuli zimenyuke, vifungo vyake vya awali sharti vilegee, na kulegea kunadai nishati. Zikinata juu ya platinamu, vifungo hulegea kwa nishati pungufu. Basi molekuli nyingi zaidi huvuka kizingiti kwa muda uleule. Rodiamu nayo husaidia oksidi za nitrojeni zirudi kuwa nitrojeni ya kawaida ya hewani. Metali zenyewe haziliwi: mazao yakishabanduka, uso wake hupokea molekuli nyingine. Lakini metali hizi, kama kichocheo chochote, haziwezeshi mmenyuko usiowezekana. Hubadili kasi yake tu.

Joto nalo lina sehemu yake. Masega hushika kazi yakifika takriban nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, kwa hiyo dakika za kwanza za injini baridi ndizo chafu zaidi.

Kisichoisha chaweza kuharibika. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilifunika uso wa metali na kuziba nafasi za molekuli kunata. Afrika Kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Salfa pia hudhoofisha vichocheo, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliweka ukomo wa sehemu 50 kwa milioni katika dizeli.

Mwaka 2018 Uganda ilitunga sheria ya kuzuia kuingizwa kwa magari yaliyofikisha miaka 15. Hatua hiyo ni nzuri lakini haitoshi: gari jipya lililokatwa masega kwa ajili ya metali zake laweza kutoa sumu kuliko kuukuu lenye masega mazima, na umri ulioandikwa kwenye kadi hauonyeshi tofauti hiyo. Kinachoionyesha ni kupima moshi.