Mama aliyenyimwa watoto wake: fundisho la Caroline Norton kwa jamaa zetu

Tukisikia kwamba ndoa fulani imevunjika, huwa tunauliza kwanza nani mwenye kosa, mume au mke. Swali lililo zito zaidi huchelewa kuja: watoto watakaa na nani, na je, wataruhusiwa kumwona mzazi yule mwingine? Historia ya Uingereza katika karne ya 19 inatuonyesha mama mmoja aliyeteswa na swali hilo, hata mateso yake yakaigeuza sheria ya nchi yake. Hatumleti mbele yenu kama mtakatifu, wala hakuwa Mkatoliki. Tunamleta kwa sababu kisa chake kinafanana na visa tunavyovijua katika parokia zetu.

Caroline Sheridan alizaliwa London mwaka 1808, mjukuu wa Richard Brinsley Sheridan, mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza. Mwaka 1827 aliolewa na George Norton, mwanasheria na mjumbe wa Bunge. Walijaliwa watoto watatu wa kiume: Fletcher, Brinsley na William. Lakini nyumba yao haikuwa na amani. Mume alimpiga mkewe, na fedha zilikuwa haba. Caroline alikuwa mwandishi, na mapato ya kalamu yake yalisaidia kuilisha jamaa. Hata hivyo, kwa sheria ya wakati ule, mapato hayo yalikuwa mali ya mume.

Mwaka 1836 ugomvi ulifika mwisho wake. Bwana Norton aliwaondoa watoto nyumbani, akawaficha mbali na mama yao, kisha akawapeleka kwa ndugu zake huko Scotland. Akamshitaki pia Lord Melbourne, waziri mkuu, kwamba amezini na mkewe, akidai alipwe pauni 10,000. Kesi ilisikilizwa mwezi wa Juni mwaka uleule. Wazee wa baraza walimwona mshitakiwa hana hatia, hata hawakuondoka kwenye viti vyao kwenda kushauriana. Bali hukumu hiyo haikumrudishia Caroline watoto wake. Mama huyo, ambaye mashitaka juu yake hayakuthibitishwa, aliendelea kunyimwa hata ruhusa ya kuwatazama.

Iliwezekanaje? Sheria ya Uingereza ilimtambua baba peke yake kuwa mwenye mamlaka juu ya watoto wa ndoa. Mwaka 1804 waamuzi walikuwa wamekwisha kumwachia baba mmoja mtoto wa miezi minane, aliyenyang'anywa mama yake akiwa angali ananyonya. Mwema au mkatili, baba ndiye aliyeamua. Bwana Norton alijua nguvu hiyo, akaitumia ili kumlazimisha mkewe akubali masharti yake, pamoja na yale ya fedha. Hivyo watoto waligeuka kuwa rehani.

Caroline alishika kalamu. Tangu mwaka 1837 alichapisha vitabu vidogo akieleza udhalimu wa sheria hiyo, akavisambaza kwa watu wenye madaraka. Mjumbe mmoja wa Bunge, wakili Thomas Talfourd, aliipeleka hoja yake mbele ya wenzake. Mwaka 1838 Baraza la Malordi lilikataa. Mwaka 1839 likakubali. Sheria mpya ilimruhusu mama kuomba mbele ya mwamuzi apewe watoto walio chini ya miaka 7, na kuwaona wale waliozidi umri huo, mradi uzinzi haukuthibitishwa juu yake. Ilikuwa hatua ndogo, lakini kwa mara ya kwanza Bunge la Uingereza lilikiri kwamba mama wa ndoa naye ana haki juu ya watoto aliowazaa.

Uchungu ni kwamba yeye mwenyewe hakufaidika. Sheria hiyo haikuwa na nguvu Scotland, mahali watoto wake walipokuwa. Mwaka 1842 William, kitinda mimba, alianguka kutoka juu ya farasi, na jeraha lake halikutunzwa vema. Mama aliitwa, akafika mtoto amekwisha kufa. Baada ya msiba huo ndipo baba alipolegea, akawaruhusu wawili waliobaki kukaa na mama yao kwa nyakati fulani.

Tusiseme kwamba mambo hayo ni ya Wazungu wa zamani. Katika makabila yetu mengi mtoto huhesabiwa kuwa wa ukoo wa baba mara mahari yalipotolewa, na mama anayeondoka huenda mikono mitupu. Penye kufuata ukoo wa mama, kama kwa Babemba wa Katanga, huenda baba ndiye anayesukumwa pembeni. Desturi hizo zilikusudia mtoto asikose ukoo wake. Mwenye hasira anapozitumia ili mtoto amkose mzazi, anazipotosha. Serikali yetu nayo imesema: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka faida ya mtoto itangulie katika kila uamuzi unaomhusu.

Mama Kanisa anafundisha kwamba kifungo cha ndoa hakivunjwi na mtu. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni 1153, inakubali wanandoa watengane pale mmoja anapomtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa. Na kanuni 1154 inadai kwamba, hata wakitengana, matunzo na malezi ya watoto yahakikishwe daima. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaonya wazazi waliotengana wasiwafanye watoto mateka. Nasi twakumbuka hukumu ya Sulemani: mama wa kweli alitambulikana kwa kuwa alikubali kupoteza haki yake ili mtoto aishi.

Basi, ndugu, tunapoitembelea jamaa iliyogawanyika, tusiende kama waamuzi wa ugomvi wa zamani. Tuulize lini mtoto alimwona mama yake, au baba yake, kwa mara ya mwisho. Pasipo hatari kwa mtoto, sisi wasimamizi wa ndoa na wazee wa jumuiya twende kwa unyenyekevu kwa yule anayemzuia, tumwombe afungue mlango. Siku ya Komunyo ya kwanza, wazazi wote wawili waalikwe. Mtoto akiugua, wote wawili wapewe habari siku ileile. William hakupata hayo, na mama yake alifika akiwa amechelewa.