Joto ndani ya Mercedes 300 SL: kosa lilianzia wapi?

Leo naomba tuweke tarakilishi kando kidogo tuzungumzie gari. Mwishoni mtaona kwa nini.

Kwa wiki mbili nilihangaika na mfumo wa mteja uliokuwa ukienda polepole. Niliongeza kumbukumbu, nikarekebisha hapa na pale, wapi! Usiku mmoja, badala ya kulala, nikajikuta nikisoma habari za Mercedes-Benz 300 SL, lile gari ambalo milango yake hufunguka kwenda juu kama mabawa.

Lilionyeshwa New York mnamo Februari 1954. Lilikuwa gari la kwanza la kuuzwa kwa umma lenye injini ya petroli ya mipigo minne inayonyunyiziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Hadi 1957 yalikuwa yametengenezwa 1,400 tu. Lakini wenye nalo walikuwa na lalamiko moja: ndani ni tanuri.

Fundi akiletewa gari la zamani lenye joto kama hilo, huanza kwa kuuliza, kama sisi tunavyofanya na programu. Je, joto hupungua usiku? Basi jua na vioo vina lawama. Je, miguu ndiyo inayoungua? Aangalie bamba linalotenganisha injini na abiria: kila tundu la waya lisilo na mpira wa kuziba hupitisha hewa ya moto, na huenda hata moshi wenye sumu. Je, hita imezimwa lakini mipira yake yote miwili ya maji bado ni moto? Vali haifungi. Je, sakafu iliyo juu ya bomba la moshi inachoma? Kinga ya joto imeisha. Unabadilisha kitu kimoja, unapima, ndipo unagusa kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hutajua kipi kilichoponya.

Sasa tuseme fundi amemaliza yote hayo kwenye 300 SL. Joto litapungua, lakini halitaisha. Kwa nini? Kwa sababu madirisha ya milango hayateremki! Kioo unaweza kukitoa chote, au ukiache kikiwa kimefungwa. Basi.

Na hapo ndipo historia inapoingia. Mwaka 1952 kampuni ilitaka kurudi kwenye mashindano, lakini injini iliyokuwa nayo ni ya lita 3 kutoka gari kubwa la kifahari, nzito na isiyo na nguvu za kutisha. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut na wenzake wakaamua kupunguza uzito kwingine. Walijenga fremu ya mabomba membamba yaliyounganishwa kwa pembetatu, yenye uzito wa kilo 50 hivi. Ili iwe imara, ilibidi fremu ipande juu ubavuni, mahali ambapo mlango wa kawaida ungekaa. Mlango ukahamia juu, na kwenye ule mlango mfupi uliopinda, kioo hakikuwa na pa kuteremkia.

Kwa mashindano uamuzi huo ulilipa. Mwaka huohuo gari lilishinda Le Mans na Carrera Panamericana kule Meksiko. Kisha Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, akashawishi kampuni itengeneze la kuuza. Fremu ikaja na uzuri wake na joto lake.

Dawa ilipatikana 1957, katika toleo lisilo na paa gumu. Wahandisi walirudi kwenye fremu yenyewe, wakashusha mbavu zake, wakaweka milango ya kawaida na vioo vinavyoteremka. Gari likawa zito zaidi, lakini mtu angeweza kupumua.

Asubuhi yake nilifungua majedwali ya data ya mteja wetu. Yalikuwa yamepangwa kwa ajili ya duka moja, na sasa yanahudumia matawi tisa. Nilikuwa nimepanga kumwambia, "Nipe siku tatu zaidi." Badala yake nilimwambia ukweli: msingi ujengwe upya, miezi miwili. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani kazi imeniponyoka. Kisha akauliza, "Mbona hukusema mapema?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikiziba matundu.