Emily Folger na Masanduku ya Vitabu

Mwenye kuwahi kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, zilizoandikwa kwa mikono miwili tofauti, anajua kwamba neno hubadilika njiani. Jambo hilo halimshangazi mtu wa pwani. Ajabu ni kwamba hata kitabu kilichopigwa chapa Ulaya kilikuwa na maradhi hayo hayo, na waliokusanya ushahidi wake ni mume na mke wa Kimarekani.

Henry Clay Folger, aliyezaliwa mwaka 1857, alianza ukarani katika biashara ya mafuta, akapanda daraja hata akawa rais wa Standard Oil ya New York mwaka 1911. Mwaka 1885 alimwoa Emily Jordan, mwalimu aliyesoma chuo cha Vassar. Hawakujaaliwa watoto. Mwaka 1889 Henry alinunua mnadani Folio ya Nne ya Shakespeare, ya mwaka 1685, kwa dola 107.50, na fedha hizo akazilipa kidogo kidogo. Tangu hapo hawakuacha. Kwa miaka mingi walikaa katika nyumba ya kupanga huko Brooklyn, ilhali vitabu vyenye thamani ya kasri vimelala masandukuni ghalani.

Aghalabu hutajwa bwana peke yake, na hiyo ni dhuluma. Emily ndiye aliyepekua orodha za minada na kuandika kadi za vilivyonunuliwa. Mwaka 1896 alipata shahada ya uzamili kwa tasnifu juu ya matini sahihi ya Shakespeare. Alikuwa mtaalamu hasa, na kazi hiyo ya miongo kadhaa hakulipwa hata senti.

Shabaha yao kubwa ilikuwa Folio ya Kwanza, iliyotoka mwaka 1623, miaka saba baada ya mshairi kufa. Lau si kitabu hicho, tamthilia zipatazo 18 huenda zingepotea, Macbeth na Julius Caesar zikiwemo, na Mwalimu Nyerere asingekuwa na Kaizari wa kumfasiri mwaka 1963. Nakala zinazojulikana leo ni kama 235. Akina Folger walikusanya 82. Waingereza walinung'unika: mtu mmoja ana haja gani na nakala themanini za kitabu kimoja? Jibu ni kwamba wapiga chapa wa zama zile walisahihisha makosa huku kazi ikiendelea, na karatasi zenye makosa hazikutupwa. Charles Hinman alilinganisha zaidi ya nakala 50 za Folger, ukurasa kwa ukurasa, kwa chombo alichokibuni mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka ule ule wa 1963. Nyingi ya tofauti alizozikuta zilikuwa ndogo. Lakini bila ya nakala hizo kukaa pahala pamoja, nani angelijua hilo?

Lawama nzito zaidi ni nyingine: wataalamu walioomba kuviona vitabu enzi za uhai wa Henry mara nyingi walikataliwa. Sanduku lililofungwa si maktaba.

Henry alistaafu mwaka 1928 ili ashughulikie ujenzi wa maktaba jijini Washington, jirani na Maktaba ya Bunge. Jiwe la msingi liliwekwa Mei 1930. Tarehe 11 Juni akafariki, asivione vitabu vyake vimepangwa rafuni. Wosia wake uliwakabidhi amana hiyo wadhamini wa Amherst, chuo alichosoma, lakini mporomoko wa hisa wa mwaka 1929 ulikuwa umekwisha kuila mali yenyewe. Kilichobaki hakikutosha. Ndipo Emily, mjane wa miaka 72, alipotoa hisa zake zenye thamani ya mamilioni ya dola.

Maktaba ilizinduliwa tarehe 23 Aprili 1932, Rais Hoover akihudhuria. Emily alifariki mwaka 1936, na majivu ya wote wawili yamo ukutani mwa chumba cha kusomea. Folio zile 82 ziliendelea kutunzwa chini ya ardhi hadi Juni 2024, maktaba ilipofunguliwa upya baada ya ukarabati, zikapangwa zote pamoja kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya wageni.