Haki ya Kupanda Mti: Lishe na Tabianchi katika Mashamba ya Masisi na Walikale

Mji wa Goma, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, unakula jasho la vilima vya Masisi. Maziwa, jibini, maharagi na viazi vya sokoni humo vimeteremka miaka mingi kutoka vilima hivyo. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta takriban nusu ya watoto wa Kivu Kaskazini walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto wa wanaolima chakula hicho wamo katika hesabu hiyo. Kwa maoni yangu, tatizo limejificha katika masharti ambayo kwayo mkulima anapewa ardhi, na mvua zisizotabirika zinazidi kulianika.

Chukua maharagi marando, yale yanayopanda juu ya fito. Kwenye kipande kidogo cha mteremko huzaa hata mara mbili au tatu ya maharagi mafupi, na majani yake ni mboga wakati mavuno bado. Watafiti wamezalisha aina zenye madini mengi ya chuma: maharagi ya kawaida yana takriban miligramu 50 kwa kilo, nao walilenga 94. Jaribio la Huye, Rwanda, lilionyesha kwamba wasichana wa chuo waliokula maharagi hayo kwa siku 128 waliongezeka damu. Kwa lishe na kwa uhaba wa ardhi, zao hili linastahili sifa zake.

Lakini linahitaji fito. Fito hukatwa kwenye miti ile ile inayoshika udongo, na mvua kubwa ikinyesha, mteremko mtupu huporomoka pamoja na mbegu. Dawa yake inafahamika: kupanda vichaka kama kaliandra kwa mistari inayokata mteremko. Vinazuia udongo, vinatoa fito na majani ya mifugo. Mbona basi havipandwi kwa wingi? Kwa sababu wakulima wengi wa Masisi wanalima ardhi ya mwingine, kandokando ya malisho makubwa ya ng'ombe, kwa kukodi msimu mmoja au kwa kulipa siku za kazi. Mti hukaa miaka. Mwenye ardhi akimwona mpangaji anapanda mti, anahofia kwamba kesho atadai shamba, naye anakataza. Sheria ya ardhi ya 1973, katika kifungu cha 389, iliahidi agizo la rais la kupanga haki kwenye ardhi za kimila. Miongo ilipita bila agizo hilo kutolewa.

Walikale ni msitu, na ardhi haibanani namna hiyo. Muhogo unavumilia ukame na hata vita: unangoja ardhini mpaka waliokimbia warudi. Ila bukari, yaani ugali, wa muhogo peke yake hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Kinachomwokoa mtoto ni sombe, yaani majani ya muhogo, na mawese mekundu juu ya sahani hiyo hiyo. Mgodi wa bati wa Bisie, huko Walikale, ulipoanza kuchimbwa mwaka 2002, vijana wengi walifuata madini, na kwa miaka chakula kingi kililetwa kwa ndege kutoka Goma. Shamba la michikichi, miti inayotoa mawese hayo, lisilo na mikono ya kulitunza ni pengo la vitamini A, ingawa takwimu za kilimo haziliiti hivyo.

Wapo wanaosema amani kwanza, mengine baadaye. Nawaelewa: mwaka 2025 pekee vita vilifika Masisi-centre na Walikale-centre. Lakini familia inayokimbia hula akiba yake ya mbegu njiani, na ikirudi baada ya Septemba, wakati mzuri wa kupanda msimu A, msimu wa kwanza wa kilimo, umeshapita. Kwa hiyo mradi wowote wa maharagi yenye chuma uanze na makubaliano ya kukodi ya miaka kadhaa, yaliyoandikwa mbele ya chifu na wanawake wanaolima, yanayosema wazi kwamba vichaka vya mteremkoni ni vya mpangaji kukata na havimpi umiliki wa shamba. Mbegu zigawiwe baada ya sahihi, na sehemu ya mbegu za kila kijiji itunzwe zaidi ya mahali pamoja.