Likizo ya Uzazi: Nani Abebe Gharama?

Katika nchi za jirani, historia ya likizo ya uzazi yenye malipo ni historia ya swali moja: mama anapokuwa nyumbani na mtoto mchanga, mshahara wake utoke mfuko gani?

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilimpa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi miwili kwa mshahara kamili. Lakini sheria hiyo hiyo ilitamka kwamba aliyeichukua amepoteza likizo yake ya mwaka huo. Mama akawa analipia uzazi kwa siku zake za mapumziko. Sharti hilo lilidumu kwa takriban miaka 30, hadi Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilipolifuta, ikaweka miezi mitatu kwa mama na wiki mbili zenye malipo kwa baba. Hata hivyo, mlipaji alibaki mwajiri peke yake. Nao askari wa majeshi na wa polisi hawakuingizwa katika sheria hiyo. Haki zao ziliachwa chini ya kanuni za utumishi wao.

Rwanda ilipita njia nyingine. Sheria ya kazi ya mwaka 2009 iliruhusu wiki 12. Wiki sita za kwanza zililipwa kikamilifu. Kwa sita za mwisho mama alitakiwa kuchagua: arudi kazini apate mshahara wote, au abaki na mtoto apate asilimia 20. Kwa mwenye kipato kidogo, kuchagua huko kulikuwa kwa jina tu.

Mwaka 2016 dola iliunda mfuko maalumu. Mwajiri alitakiwa kuchangia asilimia 0.3 ya mshahara, na kila mfanyakazi, mwanamume kwa mwanamke, kiasi hicho hicho. Mfuko ukabeba wiki sita za mwisho. Mwaka 2023 likizo ikafikia wiki 14, kipimo cha Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwajiri anayeachiwa gharama peke yake hushawishika kumkwepa mwanamke tangu siku ya kuajiri. Askari wanalijua jambo hili: mzigo wa kikosi hatwishwi mtu mmoja. Malezi ya taifa nayo ni mzigo wa wote.