Serikali kama Mshirika wa Hasara
Mwaka 1944 Evsey Domar na Richard Musgrave, wachumi wawili waliokuwa wamehamia Marekani, walichapisha makala iliyopinga dhana iliyozoeleka kwamba kodi ya mapato humvunja moyo kila anayetaka kutia fedha zake penye hatari. Hoja yao ilikuwa na sharti moja zito: serikali inayochukua sehemu ya faida haina budi kubeba sehemu ileile ya hasara, kwa kumruhusu mwekezaji aiondoe hasara hiyo katika mapato yake mengine kabla kodi haijakokotolewa. Mtu aliyetia 100 katika biashara iwezayo kumpa faida ya 40 au hasara ya 20, akitozwa asilimia 50 kwa sharti hilo, hubaki na faida ya 20 au hasara ya 10. Akitia 200, hurudi palepale alipokuwa kabla ya kodi.

Serikali hupenda nusu ya kwanza ya hesabu hii kuliko ya pili. Nchini Marekani, tangu 1978, hasara ya mtaji iliyozidi faida ya mtaji hupunguza mapato mengine kwa dola 3,000 tu kwa mwaka, na inayobaki husubiri miaka inayofuata.

Norway ilikwenda mbali zaidi, ingawa ilifika huko kwa kufukuzana na wakwepaji. Mageuzi ya 1992 yalitoza mapato ya mtaji asilimia 28 na mapato ya kazi viwango vinavyopanda, huku gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa, likiachwa kwa kuwa kampuni ilikwisha kulipa kodi. Wenye kampuni ndogo wakawa na kila sababu ya kuufanya ujira wao uonekane gawio. Sheria ilipowabana waliomiliki theluthi mbili au zaidi ya kampuni walimofanya kazi, baadhi waliingiza wanahisa wa nje ili washuke chini ya kiwango hicho.

Tume iliyoongozwa na Arne Skauge ilipendekeza mwaka 2003 mfumo ulioanza 2006, ambao hutoza gawio lile tu linalozidi riba isiyo na hatari, yaani ile ambayo mtu angepata kwa kuikopesha serikali. Kwa mfano, mwenye hisa za krone 100,000, riba hiyo ikiwa asilimia 3, akipata gawio la krone 5,000 alitozwa kodi juu ya krone 2,000 tu, na asipopata gawio nafuu yake ya 3,000 ilihamia mwaka uliofuata. Akiuza kwa hasara, aliiondoa katika mapato yake. Wanahisa hawakungoja: kabla ya sheria kuanza, kampuni ziligawa gawio kubwa kupita kawaida, na sehemu ya fedha hizo ikarudishwa katika kampuni zilezile kama mtaji mpya.