Turufu ya Harold Washington

Turufu tuliipokea kwa Wareno, kama tulivyoipokea karata yenyewe. Mchezaji hahitaji kuelezwa maana yake: turufu ikishuka mkekani, inakula, hata kama ni ndogo na zilizotangulia ni kubwa. Magazeti yetu yakalipa neno hilo kazi ya siasa. Taifa lenye kiti cha kudumu kwenye Baraza la Usalama likikataa azimio, tunaandika kwamba limetumia kura ya turufu. Naona hapo tumelikosea neno zuri, na uchaguzi wa meya wa Chicago wa mwaka 1983, pamoja na yaliyoufuata, unaonyesha kwa nini.

Hata neno meya linataka uangalifu. Msomaji wa Dar es Salaam amezoea meya anayechaguliwa na madiwani. Wa Nairobi amebaki na gavana tangu 2013. Meya wa Chicago huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, huandaa bajeti, huteua wakuu wa idara na wajumbe wa bodi. Richard J. Daley alikikalia kiti hicho kuanzia 1955 hadi alipofariki 1976, huku akiongoza pia chama cha Democrat cha kaunti. Chini yake walikuwapo makada wa mitaa waliojua kila mlango na kila haja ya nyumbani, karibu kama balozi wa nyumba kumi, na aliyeleta kura alitarajia kazi ya jiji. Wamarekani waliuita mfumo huo mashine. Baba yake Harold Washington alikuwa mmoja wa makada hao.

Tarehe 22 Februari 1983 Washington, mbunge mweusi wa Bunge la Marekani, aliingia katika kinyang'anyiro cha ndani ya Democrat dhidi ya meya aliyekuwa madarakani, Jane Byrne, na mtoto wa Daley, Richard M. Daley. Tanzania tungesema kura za maoni, lakini mchujo wa Wakenya unafaa zaidi: katika jiji ambalo Republican alikuwa hajashinda umeya tangu 1927, aliyebaki kwenye chujio la Democrat alihesabiwa ameshakuwa meya. Kura nyingi za wazungu ziligawanyika kati ya Byrne na Daley. Wapigakura weusi, baada ya kampeni kubwa ya uandikishaji, walimwendea Washington kwa wingi, naye akashinda kwa takriban asilimia 36.

Ghafla mchujo ukawa hautoshi. Wazungu wengi wa Democrat walimkimbilia Bernard Epton, Republican ambaye hapo kabla wachache walimtilia maanani. Matangazo yake yaliwahimiza watu wamchague kabla hawajachelewa, na kila mkazi alielewa anachoogopeshwa. Tarehe 12 Aprili zaidi ya asilimia 80 ya walioandikishwa walijitokeza. Washington alishinda kwa chini kidogo ya asilimia 52, akawa meya wa kwanza mweusi wa Chicago.

Alipofika ukumbini akakuta madiwani 50, na 29 kati yao wakiwa nyuma ya diwani mwenzao, Edward Vrdolyak. Wake walikuwa 21. Wale 29 walizitwaa kamati na kuyakalia majina ya wateule wake, wakapitisha maamuzi waliyoyataka. Washington alikuwa na kile tunachokiita turufu: aliweza kukataa uamuzi wa baraza, na kuipindua kauli yake kulihitaji theluthi mbili, yaani madiwani 34. Vrdolyak hakuwa nao. Lakini tazama nguvu hiyo inafanya nini. Haili karata. Inafunga mlango tu. Meya hakuweza kupitisha lake hata moja kwa kukataa ya wenzake. Baraza likabaki limeng'ang'aniana kwa karibu miaka mitatu, na watu wakaiita hali hiyo vita vya baraza. Kwa hali ile ningeandika kura ya kuzuia, maneno matatu yasiyomtukuza mtu.

Turufu ilikuja 1986. Mahakama ya shirikisho ilikuwa imeamuru mipaka ya kata ichorwe upya, kwa kuwa ya awali iliwanyima weusi na Walatino uwakilishi wao, na kata saba zikafanya uchaguzi maalumu. Kata ya 26 ilikwenda duru ya pili, Luis Gutiérrez wa upande wa Washington akaishinda mwishoni mwa Aprili, na hesabu ya baraza ikawa 25 kwa 25. Kura zikifungana, meya hupiga yake. Vitabu vya taratibu huiita kura ya uamuzi. Mimi ningeipa jina la turufu bila kusita: karata moja, inashuka mwisho, inakula mezani. Wateule waliokuwa wamekaliwa kwa miaka wakaanza kuthibitishwa.